Kitabu cha Baba Aliyefiwa

Kitabu ninachotaka kukizungumza hapa si kipya wala si cha kwetu. Kilitolewa Marekani mwaka 1949. Mimi nilikipata mwaka 2003 jijini Dar es Salaam, juu ya turubai la muuza vitabu vikuukuu, kikiwa hakina jalada la nyuma, kimelala kati ya kitabu cha hesabu na mwongozo wa kufuga kuku. Kinaitwa Death Be Not Proud, kwa lugha yetu tungesema Mauti, usijivune, jina ambalo mwandishi aliliazima kwa mshairi wa kale wa Kiingereza, John Donne. Mwandishi mwenyewe ni John Gunther, na nilikinunua kwa sababu yake. Nilipokuwa chuo cha ualimu, maktaba yetu ilikuwa na kitabu chake kinene, Inside Africa, cha mwaka 1955, ambamo alilieleza bara zima, Tanganyika ikiwamo, kwa mtindo wa mtu aliyeteremka kwenye ndege asubuhi na kupanda nyingine jioni. Tulikuwa tukimsoma na kumcheka. Nikadhani nimepata kitu cha kunichekesha kwenye basi la kurudi Tanga.

Basi lilipofika Chalinze nilikuwa nimekwisha kukifunga, nimekaa natazama dirishani. Sikukifungua tena mpaka mwezi mzima ulipopita.

Kisa chenyewe ni kifupi. Gunther alikuwa na mwana mmoja, Johnny, kijana mpole aliyependa sana kemia. Aprili 1946, akiwa na miaka 16 na yuko shule ya bweni, shingo yake ilikakamaa. Uchunguzi ukaonyesha uvimbe ndani ya ubongo. Akapasuliwa, akachomwa miale, akapewa dawa iliyozaliwa na gesi ya sumu ya vitani, akalishwa chakula kisichotiwa chumvi, akapasuliwa tena. Juni 1947 alitembea kwa miguu yake mwenyewe, kichwa kimefungwa bendeji, kwenda kupokea cheti cha kumaliza shule mbele ya wenzake, na tarehe 30 ya mwezi huohuo akafariki. Alikuwa na miaka 17. Sehemu kubwa ya kitabu ameiandika baba. Mwishoni zimewekwa barua na shajara za kijana, kisha maneno ya mama yake, Frances, ambaye wakati huo alikuwa ameshaachana na mumewe.

Msomaji ana haki ya kuniuliza mimi, mwalimu mstaafu wa Moa, nina nini na kijana wa New York. Basi nieleze, maana uhakiki wangu wote unatoka hapo.

Moa iko kwenye ukingo wa ramani, kaskazini mwa Tanga, karibu sana na mpaka wa Kenya. Zamani tulihesabiwa Wilaya ya Muheza, siku hizi tuko Mkinga. Tuna ghuba, mikoko, minazi, na watu wa Kisegeju, Kidigo na Kivumba waliooleana mpaka hakuna ajuaye tena mwisho wa huyu na mwanzo wa yule. Wengi ni wavuvi. Mwaka 1993 nilikuwa nafundisha huko, na mwanangu wa tatu, wa kiume, alikuwa na miaka sita.

Miaka sita ni umri wa kung'oka meno ya utoto. Jambo hili nimelifikiria mara nyingi kuliko jambo jingine lolote maishani mwangu. Jino lake la taya la juu, upande wa kulia, lilipolegea tulifurahi, likatoka, akalirusha juu ya paa kama watoto wote. La pili jirani yake likalegea, na shavu likavimba kidogo. Shangazi yake akasema ni matubwitubwi. Mtu wa zahanati moja, ambayo sina haja ya kuitaja, akang'oa jino jingine na kumchoma sindano za penisilini. Mzee mmoja akasema mtoto mzuri namna ile hakosi wa kumhusudu, tukasomewa na tukafukiza. Hakuna hata mmoja katika hao aliyekuwa mjinga au mwenye nia mbaya. Kila mmoja alitazama shavu lile akaona kitu alichokizoea. Ulipofika mwezi wa sita jicho la kulia lilikuwa limesukumwa nje, na hapo ndipo tulipopanda gari kwenda mjini, na kutoka mjini kwenda Dar es Salaam. Huko daktari mmoja alimtazama kwa muda mfupi kuliko muda ninaochukua kuandika sentensi hii, akaninong'oneza jina la ugonjwa. Mwanangu alizikwa Moa mwezi wa nane.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya nikihukumu kitabu cha Gunther kwa ukali kuliko wahakiki wa kwao. Mwaka 1996, nyumba ya nne kutoka kwangu, niliona mtoto wa kike wa miaka minne au mitano amekaa barazani na shavu lake la kushoto limejaa. Nikalijua shavu lile. Nikasimama. Mama yake akanisalimu, "Shikamoo mwalimu," nikaitikia, akasema, "Huyu jino linamsumbua, lakini litatoka tu." Nami nikasema, "Inshallah litatoka." Nikaenda zangu.

Watu wa pwani wataelewa kwa nini. Kwetu kuna kitu kiitwacho uchuro. Mtu aliyezika mtoto akisimama mbele ya mtoto wa mwenziwe na kusema ninaona kwake nilichokiona kwa wangu, huyo anamchuria. Anaita. Na likitokea alilosema, yeye ndiye aliyelileta. Sikutaka kuwa baba aliyepoteza wake na sasa anatamani wa wenzake wafuate. Nilijiambia kwamba mimi si daktari. Nilijiambia kwamba pengine kweli ni jino. Mtoto yule alikufa kabla ya mwaka kwisha, na mazikoni nilikuwa mmoja wa walioshika jeneza. Mama yake yuko hai mpaka leo, na haya nimeshamwambia kwa mdomo wangu kabla ya kuyaandika.

Kwa hiyo ninapokifungua kitabu cha baba aliyefiwa swali langu ni la kishamba. Silalii kwanza uzuri wa lugha wala kina cha huzuni. Nauliza: jirani akikisoma, atajua atazame wapi?

Gunther anashinda na anashindwa katika swali hili, na namna anavyoshindwa ndiyo iliyonifunza zaidi.

Anashinda kwa ujasiri wa kutaja. Wakati ule, huko Marekani kwenyewe, saratani ilikuwa neno la kufichwa. Magazeti yaliandika kwamba fulani amefariki baada ya kuugua kwa muda mrefu, basi. Gunther aliweka tarehe, akaweka majina ya dawa, akaeleza mkono ulivyoanza kulegea na jicho lilivyopungua nuru. Akaeleza na aibu zake. Tajiri yule, mwandishi mashuhuri aliyeweza kumpigia simu daktari bingwa yeyote katika nchi yake, alimpeleka mwanawe kwa Max Gerson, mganga Mjerumani aliyekuwa akitibu saratani kwa lishe, matibabu ambayo mpaka leo hayajathibitishwa kuiponya. Kijana alipata nafuu kwa muda na baba akaanza kuamini. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu, kicheko kisicho na furaha, nikakumbuka ubani na kombe. Nilikuwa nimeishi miaka kumi nikidhani kwamba sisi tulihangaika kwa waganga kwa sababu ya umaskini na ushamba wa Moa. Kumbe New York nako mzazi akiona milango mikubwa inafungwa hugonga na midogo. Kwa ukurasa huo tu ningemshukuru.

Wazazi wengi walimwandikia barua baada ya kitabu kutoka, na sishangai. Ni kitabu kilichowafungua watu midomo. Yule mwandishi wa mabara, aliyeandika Ulaya na Asia na Amerika ya Kusini, leo vitabu vyake vinene vimelala maktabani, na hiki kijitabu cha chozi ndicho kinachosomwa.

Lakini kina kasoro. Madaktari wamejaa mno. Kurasa nyingine zinasomeka kama orodha ya wageni waalikwa, kila mmoja na cheo chake, kana kwamba baba anatuthibitishia kwamba hakuacha jiwe bila kulifunua. Naielewa haja hiyo, mimi mwenyewe nina kumbukumbu za nauli nilizolipa. Ila msomaji anachoka. Pili, baba na mama walijaribu sana kumficha mtoto ukubwa wa ugonjwa wake, na baba anausimulia ufichaji huo kama upendo mtupu, asijiulize kama kijana aliyekuwa na akili kiasi kile hakuachwa peke yake na jambo alilokwisha kulijua. Tatu, Gunther anamsifu mno marehemu. Johnny hakosei. Hata dua aliyoitunga, dua ya mtu asiyekuwa na imani, inawekwa mbele yetu kama ushahidi wa utukufu. Mimi nilitamani kumwona akigomba hata mara moja. Mwanangu alikuwa mkaidi, aliiba sukari, na ndivyo ninavyomkumbuka.

Kasoro kubwa zaidi si ya Gunther, ni ya ugonjwa wenyewe. Uvimbe ule wa ubongo, mwaka 1946, haukuwa na tiba. Hata kama mwalimu wa shule, daktari wa macho na mama mwenyewe wangeliugundua siku ya kwanza, mwisho ungelikuwa ule ule. Kitabu kilichoufundisha ulimwengu kuzungumza juu ya saratani ya mtoto kilizungumza juu ya saratani ambayo mazungumzo yasingeweza kuiponya. Ndiyo maana kinaishia kwenye ushujaa, hakina pengine pa kuishia. Na vitabu na filamu vilivyokifuata vimeiga mwisho huo. Sasa ndiyo sura tuliyonayo vichwani: mtoto mwenye saratani ni mtoto shujaa anayekufa vizuri.

Huku kwetu ni kinyume. Ugonjwa uliomchukua mwanangu una jina la Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Mulago, Kampala. Mwaka 1957 aliitwa na mwenzake, Hugh Trowell, amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote mbili. Hakujua ni nini. Wiki chache baadaye, Jinja, akaona mtoto mwingine mwenye taya la namna ileile na uvimbe tumboni, na hapo akili yake ikashtuka. Mwaka 1958 aliandika makala ya kwanza. Kisha akafanya jambo ambalo kwangu mimi ni uandishi kuliko vitabu vingi: alipeleka picha za mataya yale katika hospitali za Afrika akiuliza kama wamewaona watoto wa namna hii, na mwaka 1961, pamoja na marafiki zake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, akapanda gari kuukuu wakateremka kutoka Kampala kupitia Tanganyika mpaka Afrika ya Kusini, wakisimama hospitali kwa hospitali. Walitambua kwamba ugonjwa huu unafuata nchi za joto na mvua, nchi za malaria, na unakwepa nyanda za juu zenye baridi. Huyu bwana alikuwa na jicho moja tu, jingine alilipoteza utotoni. Kwa jicho hilo moja aliona kitu ambacho sisi wenye mawili tulikiita matubwitubwi.

Yafuatayo nayaandika kwa uzito, maana yaliniumiza kuliko kifo chenyewe. Saratani ya Burkitt inakua kwa kasi kuliko karibu saratani zote za binadamu, na kwa sababu hiyohiyo inayeyuka kwa dawa. Katika miaka ya 1960 Burkitt na wenzake walishaona watoto wanaopona kwa dozi chache, wengine kwa dozi moja. Mojawapo ya dawa walizotumia ilikuwa methotreksati, ambayo ni ndugu wa dawa aliyoitumia Sidney Farber kule Boston mwaka 1947, mwaka aliokufa Johnny, kuwapa nafuu watoto wenye saratani ya damu. Dawa ile ya Farber ilitengenezwa katika maabara iliyoongozwa na Mhindi, Yellapragada Subbarao, ambaye ni wachache wanaomtaja. Na ipo nyingine, vinkristini, inayotumika mpaka leo, ambayo chanzo chake ni mmea wenye asili ya Madagaska, kile kichaka kifupi chenye maua ya waridi na meupe kinachoota mchangani huku pwani bila kupandwa na mtu. Kimeota na makaburini kwetu. Nilipojua hilo nilikuwa na miaka zaidi ya hamsini, nikaenda kukitazama, kisha nikarudi nyumbani nikalala.

Maana yake ni hii: mwaka 1993, dunia ilikuwa imeshajua kwa karibu miaka 30 namna ya kulitibu shavu la mwanangu. Kilichokosekana ni mtu mmoja kati ya baraza na gari la mjini wa kusema, hili si jino. Mwaka 1996 mtu huyo alikuwapo, akasema inshallah.

Nikajiuliza, je, sisi tunacho kitabu cha namna hii? Nikaanza kuhesabu. Fasihi yetu ya mzazi na mwana ni tajiri, lakini imeelekea upande mmoja. Mwana Kupona binti Mshamu, huko Pate, karibu mwaka 1858, anamtungia bintiye utendi wa wasia kwa sababu yeye mama anaugua na anajiandaa kwenda. Shaaban Robert, mwana wa Tanga, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, baada ya kufiwa na mkewe Amina anawatungia watoto wake Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili, na kuviweka ndani ya kitabu cha maisha yake. Mzazi anaondoka, mwana anabaki, na maneno ndiyo mali anayoachiwa. Ndivyo mambo yanavyopaswa kwenda, na tenzi zetu zimejengwa juu ya mpangilio huo. Lakini mwana akitangulia, wasia unamwendea nani? Kalamu inakosa wa kumwandikia. Tunazo beti za maombolezo, naam, na nyingine nzuri sana. Hazisemi aliumwa nini.

Hazisemi kwa makusudi, na sitaki kuudharau makusudi huo. Nilipofiwa niliambiwa kwamba mtoto mdogo huwa kiombezi cha wazazi wake, na neno hilo lilinishika mkono nikaweza kusimama. Mpaka leo linanishika. Niliambiwa kazi ya Mungu haina makosa. Siku ya hitima nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba kuuliza zaidi ni kukosa adabu. Tatizo ni kwamba maneno hayo mazuri yalifunga na mlango ambao Mungu hakuamrisha ufungwe. Kuridhika na kifo ni jambo moja. Kuficha shavu lilivyovimba ni jambo jingine, nasi tuliyafanya kuwa moja. Hata jina tumelifukuza. Wazee walisema donda ndugu, sisi tunasema ugonjwa ule, na wasomi wanasema saratani, neno la Kiarabu ambalo wazee wa falaki walilijua kama jina la nyota ya kaa. Hapa Moa kaa wapo kila mahali, kwenye mikoko na kwenye sufuria. Hatumwogopi kaa. Tunamwogopa jina lake.

Takwimu nitaziweka chache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 huugua saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 wanapona. Katika nchi nyingi za namna yetu hawafiki asilimia 30, na mwaka 2018 shirika hilo liliweka shabaha ya kufikisha angalau asilimia 60 duniani ifikapo 2030. Sababu za pengo hilo ni nyingi, dawa, wataalamu, nauli, lakini mojawapo ni ile ya baraza la nyumba ya nne. Na siku hizi kuna mahali pa kumpeleka mtoto. Muhimbili ina wodi za saratani za watoto, na shirika la Tumaini la Maisha linasaidia watibiwe bila malipo. Mimi sikuwa na hayo. Mzazi wa leo anayo, akijua mapema kwamba anayahitaji.

Narudi kwenye kitabu, kwa sababu sijamtendea haki Frances. Maneno yake ya mwishoni ni kurasa chache, na ndizo bora kuliko zote. Baba anasimulia vita. Mama hasimulii vita, anakumbuka vitu vidogo vya nyumbani, anajuta kwamba hawakumpenda kijana zaidi alipokuwa nao, na anawaambia wazazi ambao watoto wao wako hai wawatazame. Hakuna daktari hata mmoja katika sauti yake. Kwa mara ya kwanza kitabu kinamgeukia msomaji na mtoto wa msomaji. Nilishangaa kwamba Gunther, mwandishi wa kazi, hakuona kwamba aliyejua namna ya kukiandika kitabu hiki alikuwa chumba cha pili.

Nilimsomea mke wangu kurasa hizo nikizitafsiri kadiri nilivyoweza. Hakusema kitu. Akaniuliza tu, "Na yeye alikuwa na mmoja?" Nikamwambia ndiye aliyebaki, wa kike walimzika akiwa mchanga. Akasema, "Maskini," akaenda jikoni.

Mwaka uliofuata niliandika ukurasa mmoja wa daftari. Niliandika kama mwalimu anavyoandika ripoti: jino la kwanza lini, la pili lini, shavu lini, jicho lini, tulikwenda wapi, tuliambiwa nini, alizikwa lini. Chini nikaongeza niliyojifunza baadaye. Kwamba meno ya upande mmoja yakilegea pamoja na taya linavimba wiki hadi wiki, si jino. Kwamba uvimbe mgumu tumboni mwa mtoto anayecheza na kula vizuri usingojwe. Kwamba mboni ya jicho la mtoto mchanga ikiwaka nyeupe kama jicho la paka, apelekwe hospitali siku hiyo. Kwamba mtoto aliyepauka, mwenye homa zisizokwisha na madoa ya damu chini ya ngozi, apimwe damu na si malaria tu. Nikapeleka nakala zahanati, nyingine kwa walimu wenzangu, nyingine kwa mwalimu wa madrasa, ambaye aliisoma kimya akasema, "Mwalimu, hii niisome mbele ya watu?" Nikamwambia aisome.

Mtoto wa kwanza aliyeletwa kwangu kwa sababu ya karatasi ile alikuwa na jipu la jino. Tulikwenda mpaka Tanga, tukaambiwa ni jino, tukarudi. Baba yake, mvuvi, alikuwa amepoteza siku mbili za bahari na hakunificha hasira yake. Kijijini nikapewa jina la Mwalimu Meno, na bado ninalo. Sijali sana. Wawili wengine waliofuata hawakuwa na jino, na habari zao ni za wazazi wao kuzisema, si zangu.

Ila kabla sijaipeleka karatasi nilimwonyesha mke wangu. Alikuwa amekaa mkekani akichambua mchele. Nilimsomea, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Umekosea mwanzo." Nikamwambia nakumbuka vizuri, jino la kwanza lilikuwa masika, mwezi wa tano. "Sisemi jino," akasema. "Siku ya Idi alikuwa akitafuna upande mmoja. Nilimpa nyama akaihamishia kushoto. Na usiku alikuwa halalii shavu la kulia." Idi ya mwaka ule ilikuwa mwezi wa tatu. Nikamwuliza kwa nini hajaniambia miaka yote hiyo. Akasema, "Wewe uliniuliza lini?"

Nikafuta mwezi wa tano, nikaandika Idi.